Nyumbu wakizaa hamisha ng'ombe, na usirudi mapema

Kila Februari, kaskazini mwa Tanzania, nyumbu hujaa kwenye nyasi fupi za Ndutu na Ngorongoro kuzaa, na wenzao wa Tarangire huzalia Simanjiro. Wafugaji wengi wa huko huhamisha ng'ombe kwa wakati ili kukwepa ugonjwa wa nyumbu, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe. Hasara huwakuta kwenye kurudi.

Wazee wa Kimaasai wengi husema ugonjwa wa nyumbu unatokana na kondo la nyuma lililoachwa malishoni. Basi fisi na tai wakishayamaliza makondo, watu huona njia nyeupe. Lakini virusi vyenyewe viko kwenye kamasi na machozi ya ndama wa nyumbu, ambaye huvitoa kwa wingi akiwa na mwezi mmoja au miwili, na huendelea hadi miezi mitatu au minne. Maana yake hatari hupanda wakati kondo halionekani tena. Nyumbu mwenyewe haumwi, kwa hiyo usitegemee kuona mzoga wa kukuonya.

Wazee hao hao wana kipimo kizuri kuliko kalenda, nacho ni rangi ya ndama. Akizaliwa ni wa kahawia nyepesi. Subiri mpaka kundi zima la ndama liwe limegeuka rangi na kufanana na mama zao, ndipo urudishe ng'ombe. Ukiona hata wachache wa kahawia, bado.

Ng'ombe aliyeambukizwa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuugua, hata ukadhani amepatia ugonjwa kwenye malisho mapya. Homa hupanda, kamasi zito huganda puani, machozi hutiririka, anakwepa mwanga, na jicho huanza kufunga ukungu mweupe kutoka pembeni kuelekea katikati. Akifika hapo ni nadra kupona. Hakuna dawa ya kuutibu wala chanjo madukani, na inaniuma kuona familia ikiuza mbuzi kununua sindano za antibiotiki zisizosaidia. Mwite afisa mifugo achukue sampuli kwanza, kwa sababu ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, nayo huleta homa na kuvimba matezi, na hiyo inatibika ikiwahiwa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa nyumbu hamwambukizi ng'ombe mwenzake, hivyo huna haja ya kugombana na jirani mnayechangia naye maji.

Kuhama nako kuna gharama. Unaacha majani bora ya mwaka na kupanda kwenye vichaka vyenye kupe, na ndigana inakusubiri huko. Chanja ndama wako dhidi ya ndigana kali mapema kabla ya msimu, ogesha kundi zima kwa dawa ya kupe kabla ya kuondoka, na endelea kuogesha huko uendako, ukikagua ndani ya masikio.

Kama ukame umekubana na huna pa kwenda, chunga mbali kadiri uwezavyo na makundi yenye ndama, usinyweshe nao kisima kimoja, na usifungulie ng'ombe alfajiri. Ngoja umande ukauke, maana virusi hivi hudumu kwenye unyevu na ubaridi, lakini hufa haraka juani.