Jinsi ya kupaka rangi vijisanamu vya askari wa 1914 (na ngozi isitoke kama tope)

Kwa asiyejua, kuna watu wazima na ndevu zao wanacheza vita mezani, unapanga vijisanamu vyako, mwenzio anapanga vyake, mnarusha kete, mnapima umbali kwa tepu, mpaka mmoja aishiwe watu. Inayojulikana zaidi ni Warhammer ya Games Workshop kule Nottingham, Uingereza, ile 40,000 ilitoka 1987 na ina majitu ya angani yenye mabega kama mlango wa geti. Ila kuna upande wa pili wa hii hobi, vita za kweli za kihistoria, na humo ndani wapo askari wa huku kwetu wa vita ya kwanza ya dunia, wa Mjerumani na wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki). Leo tunapaka hao, maana video nyingi za mafunzo zinakuonyesha sura ya Mzungu dakika ishirini alafu ngozi nyeusi wanaipitia kwa brashi moja ya kahawia, basi, imeisha hiyo.

Saizi ya kawaida ni milimita 28, kwa kawaida inapimwa kutoka unyayo hadi usawa wa macho, sio mpaka juu ya kofia. Kama hela hamna au kuagiza nje kunakusumbua, anza na wale wanajeshi wa plastiki wa kijani wanaouzwa kwenye vibanda vya midoli, ni wakubwa kidogo na sura zao hazieleweki ila kwa mazoezi ya mkono wanatosha kabisa.

Kwanza osha. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, sugua taratibu, kwa sababu kiwandani wanapaka mafuta kwenye kalibu ili sanamu itoke, na hayo mafuta yakibaki rangi inabanduka. Kwangua zile alama za maungio kwa mgongo wa kisu kikali, sio kwa makali. Gundi inategemea, plastiki ngumu ina gundi yake inayoyeyusha na kuunganisha, ila chuma na resini (ile plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu) ni supagluu. Ukisugua resini kwa msasa lowesha kwanza na vaa barakoa, lile vumbi sio la kuvuta. Ukimaliza bandika sanamu juu ya kizibo cha chupa ya maji, ndo utakachoshika muda wote, vidole kwenye rangi hapana.

Praima, yaani rangi ya chini inayofanya rangi zingine zishike, usiruke hata kama una haraka. Ya kopo la sprei inayouzwa maduka ya rangi za magari inafanya kazi kwenye chuma na plastiki ngumu nyingi, ila jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu unachotupa (ile plastiki inayoshikilia viungo vya sanamu kabla hujavikata), maana zingine zina kemikali inayokula plastiki. Kwa mliopo pwani, Dar, Tanga, Mombasa, angalieni unyevu. Sprei ikipigwa hewa ikiwa imelowa inatoka na chengachenga au ukungu mweupe, kwahiyo piga mchana jua likiwa limekaza, na kipindi cha masika paka praima ya brashi tu uepuke stresi. Rangi ya praima mi napendelea kahawia au kijivu. Nyeusi inakufanya upambane na giza mpaka mwisho.

Sasa rangi zenyewe. Akriliki, hizo za maji. Vallejo za Hispania na Citadel ndo utazikuta zinatajwa kila mahali, zikikushinda bei hata akriliki za wachoraji kwenye matyubu zinafaa ukichagua zile zenye rangi nzito, ila rangi za maji za watoto wa shule achana nazo, zikiguswa na maji tena zinayeyuka. Na hapa ndo pana siri yote, punguza rangi kwa maji. Isitoke kwenye kichupa kwenda kwenye sanamu moja kwa moja, iwe nyepesi kama maziwa, upake mkono wa kwanza uone haijafunika vizuri, usiogope, subiri ikauke upake wa pili. Ikiwa nzito inajaza mikunjo yote ya nguo na sura inapotea. Joto la kwetu linakausha rangi haraka, kwahiyo tengeneza paleti ya unyevu, chukua kontena la chakula lenye mfuniko, weka tishu au sponji nyembamba iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, changanyia rangi hapo na itakaa saa nyingi bila kukauka.

Brashi usinunue ile ndogo kama unywele, rangi inakaukia njiani kabla haijafika. Namba 1 au 2 yenye ncha nzuri inafanya karibu kila kitu hadi macho. Na usiiache imesimama kichwa chini kwenye kikombe cha maji, ncha inapinda, basi tena.

Tuje kwa askari mwenyewe. Nguo ni kaki, paka rangi ya mchanga, alafu mwagia kivuli, yaani rangi ya kahawia nyepesi sana inayokimbilia kwenye mikunjo (Agrax Earthshade ya Citadel ndo hiyo), ikikauka rudishia ile ya mchanga sehemu zilizoinuka tu, ongeza tone la nyeupe kwa magoti, mabega na viwiko. Kaki za kikosi kizima zisifanane. Mjerumani alivyofungiwa bahari na Waingereza ilibidi vitambaa vitiwe rangi za mimea hukuhuku, kwahiyo mmoja njano, mwingine kahawia, ni sahihi kabisa. Askari wake alivaa tarbushi iliyofunikwa kaki yenye kitambaa cha kufunika shingo nyuma na nembo ya ndege tai wa chuma mbele, huyo tai ni kitone kimoja tu cha fedha. Wa KAR wengi wapake miguu peku. Ukitaka kuona nguo inavyokaa mwilini na bunduki yenye singe inavyoshikwa, nenda kaangalie Sanamu ya Askari pale Samora, Dar, ipo tangu 1927, piga picha pande zote.

Ngozi. Usitumie nyeusi, wala usimwagie nyeusi kama kivuli, ndo inayotoa tope. Anza na kahawia iliyokoza, Rhinox Hide ya Citadel kwa mfano, au kahawia ya mchoraji na tone la bluu. Kwenye vivuli, chini ya taya, pembeni ya pua, ongeza bluu au zambarau kidogo. Alafu panda juu kwa kahawia yenye wekundu, kwenye mashavu, pua, vifundo vya vidole, paji la uso, kila hatua eneo linapungua. Mwisho kabisa vitone vidogo vya rangi karibu na ya machungwa iliyofifia, usifike kwenye nyeupe. Ngozi nyeusi inaonekana kwa mng'ao kuliko weupe, kwahiyo hata ukishapaka vanishi isiyong'aa kwenye nguo, uso na mikono rudia na ile yenye mng'ao kidogo, utashangaa mtu anavyofufuka. Viganja na nyayo viwe vyeupe zaidi, mdomo wa chini wekundu wa kahawia. Na badilisha mchanganyiko mtu kwa mtu, jeshi la Mjerumani lilianza 1889 na Wasudani waliochukuliwa Misri, baadaye wakajaa Wanyamwezi, Wasukuma na wengine, haiwezekani wote wawe rangi moja kama wametoka kopo moja.

Macho ukiona yanakutoa jasho acha, weka mstari mweusi tu chini ya kofia, mezani kwa umbali wa mita moja hakuna atakayejua.

Besi, yaani kile kitako sanamu inaposimamia, ndo raha. Gundi nyeupe ya mbao, mchanga uliochekechwa, ikauke, paka kahawia nyekundu, pitisha brashi kavu yenye rangi ya mchanga juujuu. Majani makavu tumia katani, kata nyuzi fupi, chovya gundi, simamisha, na kwa vita ya Tanga ya Novemba 1914 hakuna majani yanayofaa zaidi. Vanishi nayo ni ileile habari ya unyevu, mkono mwembamba, acha usiku mzima kabla hujagusa. Ukibeba kwenda kucheza gundisha kisumaku chini ya besi na uweke bati ndani ya boksi, bodaboda itaruka matuta yote na singe hazitavunjika.