Modemu ya USB kwenye Linux: anza na lsusb, APN baadaye

Ukichomeka modemu ya USB kwenye Linux na intaneti isitoke, usikimbilie kuandika APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) upya mara tano. Mara nyingi APN haina kosa lolote. Kompyuta haijaiona modemu kabisa, imeona CD.

Modemu nyingi za aina hii zina sura mbili. Mtengenezaji ameweka ndani yake programu ya Windows, kwa hiyo ikipata umeme hujitambulisha kwanza kama CD au flashi, na programu hiyo ndiyo inayoiamuru igeuke modemu. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na usb_modeswitch. Ikikosekana, utabaki na CD hadi kesho.

Kwa hiyo sakinisha kwanza vinavyohitajika. Kama huna intaneti nyingine, unganisha simu yenye bando kwa waya wa USB na uiruhusu ishiriki intaneti yake. Kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt install usb-modeswitch modemmanager network-manager ppp

Kwenye Fedora:

sudo dnf install usb_modeswitch ModemManager NetworkManager-wwan NetworkManager-ppp

Sasa chomoa modemu, fungua terminali, andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Chomeka, hesabu sekunde 20, andika tena. Mstari ulioongezeka ndio wako. Huawei E3372 ya HiLink (aina inayoelezwa hapa chini), kwa mfano, ikiwa bado CD husomeka 12d1:1f01. Ikigeuka huwa 12d1:14dc. ZTE nyingi huanza na 19d2:2000. Namba ya kabla ya nukta mbili ni ya mtengenezaji na haibadiliki. Ya baada yake ndiyo ya kuchunga. Kama haijageuka, hakuna mpangilio mwingine utakaosaidia, hivyo igeuze kwa mkono:

sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1f01 -J

Alama ya -J ni ya Huawei peke yake. ZTE nyingi hugeuka ukiitoa tu ile CD bandia kwa sudo eject /dev/sr0. Tazama lsblk (orodha ya diski) kwanza, maana kompyuta yenye kisoma CD halisi huenda ndicho inachokiita sr0, nawe utabaki kukitazama kikifunguka.

Na kama lsusb haionyeshi mstari mpya kabisa? Shuku umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na modemu ikirusha mawimbi kwa nguvu, hasa penye mtandao hafifu, inaweza kuzimaliza zote. Dalili yake ni hii: taa inawaka, unaunganishwa vizuri, ukianza tu kupakua kitu kizito modemu inapotea. Acha sudo dmesg -w (ujumbe wa mfumo) ikiendelea huku unapakua. Ukiona "USB disconnect" ikijirudia, ondoa kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake na waya mrefu wa kuongezea, kisha uichomeke moja kwa moja.

Ikishageuka, jua ni ya aina gani. Modemu za HiLink hujifanya kadi ya mtandao: kompyuta hupewa anwani inayoanza na 192.168.8, na PIN pamoja na APN huwekwa kwa kufungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari. Kwa hizi, mmcli -L (amri ya kuorodhesha modemu) haitaonyesha kitu, na hilo si kosa. Usipoteze mchana mzima kulitafutia dawa.

Aina nyingine huzaa /dev/ttyUSB0 na wenzake, au /dev/cdc-wdm0. Hizo ni za ModemManager, programu inayosimamia modemu:

mmcli -L
mmcli -m 0

Namba ya mwisho hupanda kila unapochomoa na kuchomeka, kwa hiyo ukiambiwa modemu 0 haipo, tazama orodha upya. Kwenye jibu la amri ya pili, soma mstari wa "state". "disabled" isikutishe, NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, itaiwasha yenyewe. "registered" maana yake laini imepokelewa na mtandao. "locked" inadai PIN:

sudo mmcli -i 0 --pin=1234

Hiyo 0 ni ya laini, si ya modemu. Namba yake halisi imo kwenye jibu lile lile, sehemu ya SIM. Usibahatishe PIN: ukikosea mara tatu laini itafungwa na utahitaji PUK. "failed" yenye maneno "sim-missing" mara nyingi ni laini iliyowekwa kinyume au iliyokatwa vibaya ikawa inacheza.

Hapo sasa APN ina maana. Ipate kwa kampuni ya simu yenyewe, halafu:

nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name modemu apn internet
nmcli connection up modemu

Weka APN yako mahali pa neno internet. Ikidai jina na nenosiri, ongeza gsm.username na gsm.password. Ukiwa karibu na mpaka wa nchi, weka pia gsm.home-only yes, la sivyo modemu inaweza kudaka mnara wa jirani na bando likaliwa kwa bei ya ugenini.

Umeunganishwa lakini kurasa hazifunguki? Jaribu ping 1.1.1.1. Ikijibu, tatizo ni DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Isipojibu, angalia salio, kisha ip route, inayoonyesha njia za data. NetworkManager huipa kadi ya waya uzito wa 100, Wi-Fi 600 na modemu 700, na mdogo ndiye hupita kwanza. Wi-Fi ikiwa imeunganishwa, hata kama haina intaneti, data inaweza kujaribu kupitia huko. Modemu ya HiLink huhesabiwa kama kadi ya waya, kwa hiyo yenyewe huipiku Wi-Fi.

Wanaopenda bado wvdial (programu ya kupigia modemu) na namba *99# waisimamishe ModemManager kwanza kwa sudo systemctl stop ModemManager. Programu mbili zikishika ttyUSB0 moja, utajibiwa "Device or resource busy" au, mbaya zaidi, modemu itajibu nusu nusu. Ukinyimwa ruhusa ya tundu hilo kwenye Debian au Ubuntu, jiongeze kwenye kundi la dialout, kisha utoke na kuingia tena.