Sekunde 90 za kulegeza bega: kwa mwanafunzi wa osteopathia

Wanafunzi wa udaktari wa osteopathia, yaani udaktari unaotumia pia tiba ya mikono, ninaowafundisha hapa Marekani wanaijua anatomia vizuri tu. Kinachowaangusha kwenye kauntastreini, mbinu ya kulegeza msuli unaouma kwa kuuweka katika mkao wa nafuu, ni haraka. Mbinu hii ilianza mwaka 1955, pale Lawrence Jones, daktari wa Oregon, alipomlaza mgonjwa aliyeshindwa hata kusimama wima katika mkao uliompa nafuu, akamwacha hapo kwa muda. Alipoinuka, akasimama wima.

Tuanze na msuli wa trapezi, kati ya shingo na bega.

Kwanza uliza: ameanguka? Ana ganzi mkononi? Ukishuku mfupa umevunjika au kano imechanika, acha. Kama hakuna, mweleze utakachofanya na upate ridhaa yake.

Pili, mlaze chali, utafute nukta inayouma kwa ncha ya kidole. Nguvu inatosha pale ukucha wako unapoanza kupauka. Mwambie, "Mama, maumivu haya tuyape kumi." Kisha legeza kidole, lakini usikiondoe hapo mpaka mwisho, ukikihamisha, hutajua kama maumivu yamepungua au umepoteza mahali.

Tatu, inamisha kichwa chake upande wa nukta, unyanyue mkono wake pembeni hadi karibu nyuzi 90. Bonyeza tena, uliza ni ngapi sasa. Usogeze mkono mbele au nyuma kidogo kidogo hadi afike 3 au chini yake. Hapa dai namba. Wagonjwa wangu wanaozungumza Kiswahili hunijibu "afadhali, daktari" kwa heshima tu, huku bado wanaumia.

Nne, subiri sekunde 90 kwa saa ya ukutani. Ukihesabu kichwani utafika 90 baada ya sekunde 50, nimeshuhudia mara nyingi. Mgonjwa asifanye lolote. Ukihisi mkono wake mwepesi kupita kiasi, ujue anaubeba mwenyewe. Mwambie akuachie uzito wote.

Tano, rudisha mkono na kichwa polepole, wewe peke yako. Akikusaidia, msuli unakaza tena na kazi yote imepotea. Mimi husema, "Jifanye umelala."

Mwisho bonyeza palepale, kwa nguvu ileile, uandike namba kwenye faili. Mwambie pia kwamba kesho anaweza kuamka mwili unauma kama aliyeshinda shambani. Usipomwambia, atakupigia simu usiku.