Somo: kuwatoa watoto darasani bila kupoteza siku

Mara ya kwanza kupeleka watoto wa darasa la sita kwenye makumbusho ya hapa Lubumbashi, kesho yake niliwauliza wameona nini. Wengi walitaja basi na soda. Kosa lilikuwa langu, niliwapeleka bila kazi. Siku hizi nafanya hivi.

Kwanza, chagua kitu kimoja. Sisi tulichukua msalaba wa shaba, ule uliotumika kama pesa huku Katanga kabla ya wakoloni, na ambao umefukuliwa makaburini Sanga, karibu na ziwa Kisale. Tangulia wewe mwenyewe uone unakaa wapi. Uliza pia choo kiko wapi, usicheke.

Wiki moja kabla, kila mtoto achore msalaba huo kabla hajauona, kisha aandike swali moja. "Ni wa mwaka gani?" nalirudisha. "Ulinunua nini?" nalipokea.

Siku yenyewe, vikundi vya watoto sita, kila mtu na penseli yake, dakika kumi mbele ya kitu bila kusema. Dakika tatu za mwanzo ni vurugu, vumilia. Kwenye ya saba hivi msichana mmoja akaninong'oneza: "Mwalimu, mikono yake hailingani." Kweli, mmoja ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Basi tukakaa papo hapo tukizungumzia shaba inavyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, jambo ambalo halikuwemo kabisa kwenye maandalio yangu.

Mkirudi, kazi za vikundi. Kikundi kimoja kiliwahoji wazee: waliishije wakati jimbo letu lilipoitwa Shaba, 1971 hadi 1997? Kingine kilitaka kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilikataa, nisije nikaletewa waya za umeme za jirani. Nasahihisha daftari la kila mtoto, maana bango la kikundi mara nyingi ni la watoto wawili.

Ukimwalika mwandishi wa vitabu darasani, aje mwisho, watoto wakiwa na maandishi yao. Mtumie mawili matatu ayasome mapema, na umwombe aje na ukurasa wake uliojaa mistari iliyokatwa. Hotuba hapana. Wetu aliulizwa, "Na wewe nani anakusahihisha?" Alijibu kwa nusu saa.

MASWALI

*Mwalimu wa Ruashi: Nina watoto 70 na pesa ya basi hakuna.*
Basi mlete fundi, mwalimu mwenzangu. Wanaogonga picha kwenye bamba la shaba wapo mjini. Aje na nyundo na bamba lisilokamilika, na dakika kumi za kimya zibaki vilevile. Gawa darasa mara mbili, 70 hawataona kitu.

*Direkta wetu anasema mtihani wa serikali ndio muhimu.*
Nenda Oktoba, mtihani ungali mbali na mvua hazijashika sana. Mpelekee maswali ya watoto yaliyoandikwa, si barua ya kuomba ruhusa peke yake. Wetu alilainika alipoyasoma.

*Mama wa Katuba: Mtoto wangu hasemi kabisa kwenye kikundi.*
Mama, mwambie mwalimu wake amshikishe saa. Mwaka jana niliyempa kuhesabu zile dakika kumi ni mtoto wa namna hiyo. Nilipofungua mdomo kwenye ya nane, aliniwekea kidole midomoni kwake: bado.