Namna ya Kusherehekea Hatua Ndogo za Mtoto Mwenye Hisi Kali

Kadi ya kliniki humwonyesha mzazi uzito wa mtoto, chanjo alizopata na tarehe ya kurudi, lakini haina nafasi ya kuandika siku ambayo mtoto alivaa soksi bila kulia, wala siku aliyobaki sebuleni wakati juisi inasagwa kwa blenda jikoni. Kwa mzazi wa mtoto ambaye milango yake ya fahamu hupokea sauti, mguso, harufu, mwanga au ladha kwa nguvu iliyopita kiasi, hizo ndizo hatua zenyewe, na asipoziwekea kumbukumbu yeye mwenyewe zitapita bila mtu kuziona. Ninaeleza hapa namna ya kuzitambua, na namna ya kuzifurahia kwa njia ambayo hata mtoto ataiona kuwa ni furaha.

Hali hii hupatikana kwa watoto wengi wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na wengine), na mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliiingiza miongoni mwa dalili za usonji, ingawa wapo watoto wasio na usonji ambao hisi zao ni kali vilevile. A. Jean Ayres wa Marekani, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, ambaye kazi yake ya miaka ya 1960 na 1970 ndiyo msingi wa tiba nyingi zinazotolewa leo, alisisitiza hisi ambazo shuleni hatukufundishwa: ile ya mizani iliyo ndani ya sikio, na ile ya misuli na viungo inayomjulisha mtu mkono wake uko wapi hata akifumba macho. Kwa hiyo mtoto anayepiga kelele miguu yake inapoachana na ardhi kwenye bembea hadeki, na anayekataa ugali kwa sababu ya jinsi unavyogusa ulimi wake hana kiburi. Mzazi akishalielewa hili, ataacha kupima hatua kwa kumlinganisha mtoto na binamu zake, na badala yake ataipima kwa kuangalia mtoto huyo huyo alikuwa wapi mwezi uliopita.

Anza kwa kuigawa shughuli inayomtesa mtoto katika vipande vidogo kadiri inavyowezekana. Kwetu sisi, kwa mwanangu, shughuli hiyo ilikuwa kunyoa nywele. Wiki ya kwanza mashine ya kunyolea ilikaa mkekani ikiwa imezimwa, karibu na magari yake ya kuchezea, na hakuna aliyeigusa. Wiki ya pili aliisukuma kama gari. Baadaye niliiwasha nikiwa chumba cha pili huku mlango umefungwa, kisha mlango ukiwa wazi, na siku moja alinyoosha goti lake akaruhusu mgongo wa mashine, upande usio na meno, uguse ngozi yake ikiwa inanguruma. Iligusa kwa muda wa pumzi mbili tu, kisha akavuta goti.

Hapo tulifanya kosa ambalo familia nyingi hulifanya kwa nia njema kabisa. Bibi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga vigelegele, nasi wengine tukapiga makofi. Mtoto aliziba masikio, akajificha nyuma ya kochi, na kwa muda wa miezi miwili hakukubali kuiona mashine ile. Katika akili yake goti halikuwa na tatizo tena; kilichofuata baada ya goti ndicho kilichomuumiza. Desturi zetu za furaha karibu zote ni za sauti na za mguso wa ghafla: vigelegele, makofi, muziki wa spika, kubebwa juujuu, kumwagiwa maji siku ya kuzaliwa. Ni desturi nzuri, nami nazipenda, lakini kwa mtoto huyu pongezi ya namna hiyo ni adhabu, na atajifunza kuikwepa hatua iliyoileta.

Kwa sababu hiyo, chagueni alama ya furaha mapema, kabla hatua yenyewe haijafikiwa, na mwacheni mtoto awe ndiye anayeamua ni ipi. Watoto wengi wanaosumbuliwa na mguso mwepesi, kama kupapaswa shavu, hutulizwa na mguso mzito ulio thabiti, kama kukumbatiwa kwa kubanwa au kuviringishwa ndani ya kanga, japokuwa si wote, na ni lazima umtazame mtoto wako. Wengine hupenda kuchora mstari ukutani kwa chaki, au kupewa dakika kumi za kumwaga mchele kutoka bakuli moja hadi jingine pasipo mtu kumsemesha. Kwetu alama ikawa kubonyeza kiganja chake kwa vidole gumba viwili, mara tatu, taratibu. Bibi alijifunza baada ya siku chache, na sasa hubonyeza vizuri kuliko mimi. Alama itolewe papo hapo, pamoja na maneno machache yanayotaja kilichofanyika, kama vile "Mashine imegusa goti lako, nawe ukakaa." Sifa za jumla kama "hodari sana" hazimwambii mtoto ni jambo gani alilolifanya.

Baada ya kumpongeza, simama hapo. Kishawishi cha kusema "haya, sasa tujaribu kichwani" ni kikubwa, na kukifuata ni kumvunjia mtoto ahadi, kwa kuwa ataona kwamba kila akitoa kidogo anadaiwa zaidi. Rudia hatua ile ile kwa siku kadhaa hadi ichoshe.

Nina jambo jingine ninalolisisitiza kuliko yote. Si kila utulivu ni hatua. Mtoto anayekakamaa, anayeshikilia pumzi au anayeangalia mahali pamoja bila kupepesa macho huenda anavumilia tu, na kumpongeza kwa kuvumilia ni kumfundisha anyamaze anapoumia. Kinyume chake, mtoto anayekushika mkono harusini na kukuonyesha mlango kabla hajafikia kulia, au anayevaa mwenyewe vizuia sauti vyake kwenye daladala, amefanya jambo kubwa: ameutambua mwili wake na ameomba msaada kwa wakati. Mpe alama yake hapo hapo mlangoni, hata kama mmekosa chakula.

Sikukuu ziandaliwe kwa mpango huo huo. Siku ya kuzaliwa inaweza kuwa asubuhi, kabla wageni hawajafika, bila maputo yanayoweza kupasuka na bila keki kwa mtoto asiyependa krimu. Chapati iliyokatwa vipande inatosha. Video zake zisisambazwe kwenye makundi ya ukoo, maana hatua ni yake.

Siku za homa, njaa au usingizi mbaya mtoto anaweza kurudi nyuma, na hilo halifuti kilichoandikwa. Weka daftari dogo lenye tarehe na sentensi moja moja. Litakusaidia pia mbele ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye hutaka kujua hasa nini kilitokea na lini. Furaha yako wewe mzazi, ile yenye sauti, itafutie mahali pake: mpigie dada yako simu ukiwa uani, au ongea na mwenzio usiku mtoto akishalala.

Daftari letu lina ukurasa wa Jumamosi moja ulioandikwa hivi: "Sikio la kushoto, mashine imewashwa, amehesabu hadi saba. Tumeacha." Jumatatu alikwenda shuleni akiwa amenyolewa upande mmoja, na kabla ya kupanda gari alininyooshea kiganja.