Kabla hujacheza kanda mlizorekodi zamani

Kama nyumbani kwenu Jinja, Arua au Kampala bado kuna boksi la kanda za kaseti tulizokuwa tunarekodi wenyewe kutoka redioni, nyimbo za Afrigo Band upande huu, za Franco upande ule, usiitie redioni hata moja kabla hujaikagua.

Anza na ukingo wa nyuma wa kanda. Kuna vijiplastiki viwili vidogo, kimoja kwa kila upande. Kama bado vipo, mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodi, wimbo umekwenda. Vivunje kwa ncha ya kisu. Siku ukitaka kurekodi tena, unaziba tundu kwa selotepu.

Halafu tazama kisponji kilicho katikati, pale utepe unapopita. Gundi yake huzeeka. Kikidondoka, sauti inafifia na watu hudhani kanda imekufa. Kibandike kwa tone la gundi.

Utepe uliokaa miaka hushikana. Chomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la gurudumu la kanda, zungusha polepole hadi mwisho, kisha urudishe. Kanda iliyoandikwa C90, ya dakika 45 kila upande, ni vumilivu. C120, ya dakika 60 kila upande, utepe wake ni mwembamba mno na redio huutafuna upesi, hiyo uwe nayo makini sana.

Safisha kichwa cha redio, kile kichuma kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti, ndipo ucheze huku ukirekodi kwenye kompyuta kwa waya. Tafadhali usikate sauti ya mtangazaji akisoma salamu: nyimbo utazipata kwingine, salamu zile hapana. Na karatasi ya ndani ipige picha, wino wake unafutika.