Kutengeneza Negativu kwa Printa ya Wino kwa Ajili ya Sianotipi

Katika sianotipi, mbinu ya kuchapa picha za buluu iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842, picha hutoka kwa ukubwa uleule wa negativu (filamu yenye picha iliyogeuzwa, nyeusi ikiwa nyeupe), kwa sababu negativu hulazwa juu ya karatasi iliyopakwa dawa na kuachwa ipigwe na miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho. Asiye na kamera kubwa anaweza kuichapa negativu hiyo kwa printa ya wino, mradi atumie filamu angavu iliyotengenezwa kupokea wino. Kwenye plastiki ya kawaida wino haushiki, bali hujikusanya matone matone.

Kabla ya kuigusa picha yenyewe, tafuta muda wa mwanga. Funika karatasi iliyokauka vizuri kwa filamu tupu, kisha uiangaze kwa hatua, ukisogeza kadibodi kila baada ya dakika mbili. Suuza, acha ikauke, halafu tafuta muda mfupi kabisa ambao baada yake buluu haikolei tena. Usihukumu karatasi ikiwa bado mbichi, kwani buluu ya sianotipi huendelea kukolea inapokutana na hewa, wakati mwingine hadi siku inayofuata. Muda huo ukishapatikana haubadilishwi tena. Anayebadilisha muda na negativu kwa pamoja hatajua kamwe kilichoharibu picha ni kipi.

Sasa chapa negativu ya ngazi ya viraba 21, kutoka nyeusi hadi nyeupe, na uiangaze kwa muda uleule. Kiraba kilichopaswa kuwa cheupe kikitoka na buluu, wino hauzuii miale ya kutosha: ongeza wino kwenye mipangilio ya printa au jaribu rangi nyingine. Hapa macho hudanganya, maana wino unaoonekana mzito huenda ukapitisha urujuanimno kwa wingi, na ule unaoonekana mwepesi ukauzuia. Ikiwa ncha zote mbili ni sawa lakini viraba vya katikati vimebanana upande mmoja, skani ngazi hiyo na utengeneze mkunjo wa toni (mstari katika programu ya picha unaorekebisha weusi na weupe wa kila kiwango) utakaovitenganisha kwa usawa, kisha uchape upya kuhakikisha. Mikunjo iliyotengenezwa na watu wengine sioni faida yake kubwa, kwa kuwa karatasi, wino na taa zao si zako.

Kazi iliyobaki ni nyepesi. Geuza picha iwe ya kijivu ya biti 16, ipe ukubwa wake wa mwisho kwa pikseli 360 kwa inchi, tumia mkunjo, na baada ya hapo tu ndipo ugeuze nyeusi kuwa nyeupe. Igeuze pia kushoto kwenda kulia, ili upande wenye wino ulale juu ya dawa. Ukiuweka juu, unene wa filamu utaifanya picha ipoteze ukali. Iache negativu ikauke kabisa kabla ya kuibana kwenye fremu ya kioo, kwani wino mbichi hunata kwenye karatasi na kuziharibu zote mbili.

Ukibadilisha taa, karatasi au filamu, rudia kwanza jaribio la muda, kisha uchape ngazi.